Kitanda Nilichokikataa

Nakuru, Jumatatu, 24 Machi 1958

Nimefika salama, na tayari miguu yangu inataka kwenda mahali pengine.

Gari moshi lilitoka Tororo jana. Mpaka wa Uganda na Kenya hauna maajabu: kibao kando ya reli, askari anayepiga miayo, na shilingi ileile mfukoni. Lakini nilipoamka Timboroa kabla ya mapambazuko, kwenye baridi ile ya kukata masikio, nilijua niko nchi ya watu. Pale Timboroa reli hupanda juu kuliko reli nyingine yoyote katika himaya yote ya Mwingereza. Nilimweleza jambo hili abiria aliyeketi mbele yangu. Alivuta blanketi akajifunika uso.

Stesheni ya Nakuru askari aliniomba karatasi. Nilimpa stakabadhi yangu ya kodi ya Uganda, akaisoma juu chini, akaniambia, "Pita, mzee." Wakikuyu walikuwa wamepangwa mstari wao peke yao kando ya ukuta, na mstari huo haukuwa unasogea.

Watu wa nyumbani nimewaambia nakuja likizo. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni binti yangu Nanjala, kitinda mimba wangu, aliyeolewa na Kipkemboi, Mnandi, karani wa mizigo. Walijuana Tororo, Kipkemboi akiwa kazini pale na Nanjala akifundisha darasa la kwanza. Tangu wahamie Nakuru mimba mbili zimeharibika. Sasa ana ya tatu, mwezi wa tano. Mama yake angekuwa hai angekuja yeye. Hayupo, kwa hiyo nimekuja mimi, na nimekuja kumchukua akajifungulie nyumbani. Hilo sijamwambia mtu yeyote hapa.

Wanakaa kwenye landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, zilizopangwa mstari mmoja kama mabehewa. Wana chumba kimoja, na nyuma yake jiko, kibanda kidogo cha mabati. Kipkemboi alibeba sanduku langu begani kutoka stesheni, ingawa alikuwa na sare ya kazi. Ndani nilikuta pazia la maua limekatiza chumba katikati, na upande wa mlango kuna kitanda kipya cha mbao za mtarakwa, bado kinanukia.

"Baba, hiki ni chako," alisema. "Nimekitengenezesha. Sisi tuko huku nyuma ya pazia."

Nikamwambia, "Asante sana, mwanangu. Lakini nimeshapata mahali pa kulala. Kanisani kuna chumba cha wageni."

Alitazama kitanda, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, Baba." Tukanywa chai.

Niandike sababu, ingawa hapa sijaitamka. Kwetu Babukusu mzazi halali chini ya paa moja na mtoto wake mwenye ndoa. Atakula humo, ataketi humo, lakini jua likizama anatoka. Katika miaka yangu ya ualimu nimezicheka mila nyingi mbele ya darasa, na Nanjala alikuwa katika darasa hilo. Hii moja sikuwahi kuicheka. Nadhani atamweleza mumewe.

25 Machi

Vumbi. Nimetembea mji mzima.

27 Machi

Chumba cha kanisa ni kizuri kwa kulala na kibaya kwa kukaa. Kwa hiyo natoka asubuhi, nazunguka peke yangu mpaka saa ya chai kwa Nanjala, kisha narudi kabla ya giza. Leo nimepita maduka ya Wahindi, nikatazama vitambaa nisivyohitaji. Nimekwenda mpaka maghala ya nafaka, ambako ngano ya mabonde yote haya huja kupimwa. Nimesimama mbele ya hoteli ya Wazungu mpaka bawabu akakohoa.

Mchana nilishuka ziwani. Maji yamenywea sana, na ukingo wote ni magadi meupe. Upepo ukivuma kutoka kusini magadi hayo hupanda mjini kama moshi, yakaingia kwenye macho, kwenye mkate, kwenye nguo zilizoanikwa. Kila mtu anaulizia mvua. Flamingo wako katikati kabisa, mstari wa waridi tu. Ndege huyo hula akiwa amepindua kichwa, mdomo wake ukichuja maji kama kichujio cha chai. Jioni nilimweleza Kahiga haya.

Kahiga ni mzee wa kanisa anayetunza ufunguo wa chumba changu. Ni fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi, Mkikuyu wa kutoka Dundori, umri wangu, mdomo wake hautulii kama miguu yangu.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimekaa hapa miaka ishirini na sikujua huyo ndege anakula kichwa chini. Sasa niambie jambo ninalotaka kujua. Binti yako ana nyumba. Mbona unanimalizia mafuta ya taa?"

Nilimwambia ni habari ndefu.

"Zote zako ni ndefu," alisema.

30 Machi, Jumapili

Nilikwenda Rongai kumwona dada yangu Naliaka, ambaye barua yake ndiyo iliyonituma Nakuru. Mumewe ni nyapara kwenye shamba la mahindi la Mzungu. Tuliketi nje ya nyumba yao, mashamba yamelimwa tayari, mekundu, yakingoja mvua, na Naliaka akanihoji kama hakimu.

"Umemwambia?"

"Bado. Nimefika juzi."

"Wamalwa, ulikuja kuhesabu mabehewa? Mtoto amepoteza wawili kwenye kile kisanduku cha mabati. Hana mama, mimi shangazi yake siwezi kulala mle, mume yuko kazini toka asubuhi. Mlete nyumbani. Mimi nitakuja kukaa naye huko mpaka ajifungue."

"Na mumewe?"

"Mumewe atakula wapi ni shida yake. Ukipita hapa na gari la kurudi, nitasimama stesheni. Nataka kuona vichwa viwili dirishani."

Nilirudi mjini na hoja yake. Bado ninayo.

Jumapili ya Pasaka, 6 Aprili

Baada ya ibada Kipkemboi aliwaalika majirani. Alikuja Micah, ambaye ni gadi wa treni, mlango unaofuata, mtu wa mizaha. Alikalia kile kitanda kipya, akadundadunda kidogo, akasema kwa sauti ya kusikika landi nzima:

"Mwalimu, hiki kitanda kina kunguni gani tusiowajua? Mimi nikipewa kitanda kama hiki siondoki hata kwa polisi."

Watu wakacheka. Kipkemboi hakucheka. Nanjala alikuwa akimimina chai, na nikaona chai inafurika kwenye kisahani.

Micah akaendelea, "Au mkwe wako ananuka ng'ombe? Sisi Wanandi tunanuka ng'ombe, Mwalimu, lakini tunaoga."

"Micah, kula," Kipkemboi alisema.

Hapo nilielewa kwamba Nanjala hakumweleza kitu. Anadhani mtu aliyezicheka mila darasani hawezi kukimbia kitanda kwa sababu ya mila. Kwa hiyo naye ametafuta sababu nyingine, na ameipata: kwamba simtaki Mnandi wake. Ningeweza kusema palepale. Nilikula wali.

9 Aprili

Upepo wa kusini siku nzima. Meno yanatafuna mchanga. Hakuna mvua.

12 Aprili, Jumamosi

Leo yametokea, na sijui kama niliyaleta au yalinijia.

Niliinuka kuondoka kama kawaida, jua likielekea kuzama. Kipkemboi alikuwa ameingia tu kutoka kazini, magadi yamemtia nyusi weupe kama mzee.

"Baba, keti kwanza," alisema.

Nikaketi.

"Kila siku unakuja, unakunywa chai, unatazama jua, unainuka. Mimi si mtoto. Watu wa landi wananiuliza nimekukosea nini, na mimi sijui nimekukosea nini. Mahari nilileta. Kitanda nilitengeneza. Sasa nimefikiri hivi. Kama nyumba yangu haifai kwa usingizi wako, basi haifai kwa mtoto wako. Mchukue. Akajifungulie kwenye nyumba inayofaa."

Nanjala alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Nje mtoto wa jirani alikuwa akipigiwa kelele aende kuoga.

Nilichokuja kukichukua kimewekwa mkononi mwangu, nami sikuwa nimekiomba. Neno moja lingekirudisha mahali pake. Mimi ambaye nilimweleza mtu asiyenijua urefu wa reli ya Timboroa, nilisema, "Kama ndivyo unavyoona, mwanangu."

Nanjala alinisindikiza mpaka mwisho wa landi.

"Umeshinda, Baba," alisema. "Na hukutoa jasho hata tone."

"Ni kwa ajili ya afya yako."

"Nitakwenda kwa sababu yeye amesema niende. Si kwa sababu yako. Hilo ulijue."

Alirudi bila kuniaga. Tumbo lake sasa linaonekana hata kwa nyuma, kwa jinsi anavyotembea.

14 Aprili

Nimekata tiketi mbili za Alhamisi ya tarehe ishirini na nne, nikampelekea Naliaka habari. Kisha nikatembea mpaka njia ya mlima Menengai, nikarudi. Sikufika juu.

15 Aprili

Nimekwenda tena. Nimefika juu. Shimo la volkano ni kubwa kiasi kwamba wingu moja lilikuwa limelala ndani yake likaacha nafasi. Mlima ulilipuka, kisha paa lake likadidimia kwa sababu chini hapakubaki kitu cha kulishikilia. Sikuwa na wa kumweleza. Nimerudi mbio kama aliyeitwa, na hakuna aliyeniita.

17 Aprili

Kahiga aliniomba nimfikie dada yake Dundori. Mwenyewe, kwa kuwa Mkikuyu, haruhusiwi kutoka mjini bila kibali, na kibali ameomba tangu Krismasi. Kutoka kwenye baraza yake anaweza kuona vilima vya kwao. Mimi mtu wa Uganda nilipanda lori la maziwa nikaenda, hakuna aliyeniuliza jina.

Kule juu ni baridi, viazi vimeshapandwa. Dada yake anaitwa Nyakio. Alinipa viazi kwenye gunia na maneno machache: mwambie ng'ombe mweusi amezaa, mwambie mama anakula. Kisha akaniuliza kama kaka yake amezeeka. Nikasema nywele tu. Akashika mikono yangu kwa muda, kana kwamba ilitoka kwenye mwili wa mtu mwingine.

Kahiga alipovipokea viazi alivinusa kabla ya kunishukuru. Aliniuliza habari za mama yake mara tatu, na mara tatu nikamjibu yaleyale.

19 Aprili

Hatimaye nilimsimulia Kahiga yote, mila na kitanda na tiketi. Alisimamisha cherehani.

"Ngoja nielewe, Mwalimu. Umenieleza ndege anavyokula. Umenieleza mlima unavyolipuka. Juzi umenieleza hata sindano ya mashine yangu mwenyewe inavyofunga uzi. Mkwe wako umemweleza nini?"

"Hakuuliza."

"Mimi niliuliza habari za ndege?"

"Kahiga, nikimweleza, hatamtoa. Na mtoto amepoteza wawili pale."

"Labda. Huko kwenu mimba haziharibiki?"

Zinaharibika. Mama yake Nanjala alipoteza moja katika nyumba yangu mwenyewe, yenye vyumba vinne.

"Mimi serikali ndiyo inanizuia kwenda kwetu," Kahiga alisema, akirudi kwenye mashine. "Wewe unamtoa mtu kwake kwa kunyamaza tu. Wewe una nguvu kuliko serikali."

Nilitoka nikazunguka soko mpaka wenye vibanda wakaanza kunitambua.

20 Aprili

Mvua! Ilianza wakati wa mahubiri, ikapiga mabati hata mhubiri akaketi akingoja. Watu walicheka kwa furaha. Vumbi lote la ziwa limelala chini mara moja.

22 Aprili

Mvua. Paa la chumba changu linavuja kwenye pembe. Nanjala hanitazami. Kipkemboi ananipa kiti, ananipa chai, ananiita Baba. Anafunga mizigo ya mkewe kwa kamba, fundo zuri la mtu wa mizigo.

Njiani, ndani ya gari moshi, 24 Aprili



Kipkemboi aliomba ruhusa kazini akatuleta stesheni. Mvua ilikuwa inamwagika, paa la jukwaa linapiga kelele. Alimweka Nanjala dirishani, akapandisha sanduku lake, akalikagua fundo. Mimi nilikuwa bado chini. Akanijia karibu.

"Baba, mkifika Timboroa mfunike vizuri. Baridi ya pale ni mbaya. Blanketi zito liko juu kabisa ya sanduku, huhitaji kufungua kamba yote."

Alikuwa amelifikiria hilo. Usiku uliopita, akifunga mizigo ya mke anayeondoka, alifikiria vidole vyangu vya kizee na fundo lake.

"Kipkemboi," nilisema, "kitanda chako kilikuwa kizuri."

"Hukukilalia. Utajuaje?"

"Sikukilalia kwa sababu kwetu mzazi halali chini ya paa la mtoto wake mwenye ndoa. Si dharau. Ni kuwaheshimu ninyi wawili. Ungekuwa Mbukusu kama mimi ningekataa. Ungekuwa gavana ningekataa."

Alifuta maji ya mvua usoni.

"Mwezi mzima," alisema.

"Mwezi mzima."

"Na ulijua ninachofikiri?"

"Tangu Pasaka."

"Mbona hukusema?"

"Kwa sababu ulikuwa unanipa nilichokuja kuchukua."

Akaondoka. Alitembea mpaka tangi la maji mwisho wa jukwaa, kofia ya kazi ikichuruzika, akasimama akinipa mgongo. Nilifikiri ndiyo basi. Kisha akarudi kwa haraka, mtu mwenye hasira na swali.

"Hata jikoni?"

"Hata jikoni nini?"

"Usingelala hata jikoni? Jiko letu ni kibanda kingine. Paa lake, mlango wake."

Nilifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayeulizwa katika mtihani. "Jikoni ningelala," nilisema. "Mlango wake ni mwingine."

Akatoa cheko moja fupi, si la furaha. "Micah amenicheka mwezi mzima," alisema, "na jiko liko palepale."

Sikujua kwamba Nanjala amelishusha dirisha. Maji yalikuwa yakimwingia usoni na hakuwa akiyafuta.

"Kipkemboi," aliita. "Ulisema nichukuliwe. Sasa unasemaje?"

"Nasema mvua inakunyeshea. Shuka."

"Na Baba?"

Wote wawili wakanigeukia. Nilijua la kusema kwa niaba ya Naliaka, na lilikuwa hoja nzuri: hospitali ya mji haina shangazi, chumba ni kimoja, wawili wameshakwenda. Kama hatari iko huko au hapa, sijui, na hakuna kitabu nilichosoma kinachojua. Nilisema, "Shuka, mwanangu. Polepole, ngazi ina maji."

Alishuka ameshikwa na mumewe, sanduku likafuata. Akanipita, kisha akageuka, akanifunga kifungo cha juu cha koti langu kama alivyokuwa akifanya mama yake. Filimbi ikalia. Mimi nikapanda, maana chumba cha kanisa kimeshapewa mgeni mwingine, na tiketi yangu ni ya leo.

Rongai giza lilikuwa linaingia. Naliaka alisimama chini ya mwavuli na kibuyu cha maziwa.

"Yuko wapi?"

"Kwake."

"Kwake wapi?"

"Kwake, Nakuru."

Gari likaanza kuondoka. Alitembea nalo, kisha akakimbia, mwavuli umepinduka. "Wamalwa! Nilikutuma kitu kimoja! Kimoja tu!"

Kibuyu alinirushia hata hivyo.

Nyumbani, Mbale, 18 Mei

Mvua. Hakuna habari.

9 Juni

Hakuna habari. Nimetembea mpaka stesheni kutazama magari yanayoingia. Mkuu wa stesheni ameniuliza kama namngoja mtu. Nikasema hapana.

2 Julai

Naliaka ameleta ujumbe kupitia mtu wa kwao: jambo lolote likimpata Nanjala, nisimwite yeye dada tena. Nimeandika ukurasa mzima kujitetea, nimeuchana.

20 Julai

Naota ngazi ile ya behewa, imelowa. Nimelima bustani ambayo haikuhitaji kulimwa.

9 Agosti

Leo asubuhi mtu amepiga hodi akiwa na sare ya reli na taa yake ya kazi mkononi. Micah! Gari lake limefika Tororo jana, akapanda basi mpaka hapa. Sikuweza kumkaribisha. Nilisimama tu nimeshika mlango.

"Mwalimu, kaa chini kwanza," alisema, akaona sikai. "Haya basi. Msichana. Siku sita sasa. Analia kama ile injini kubwa ya Garratt. Mama yake mzima, anakula kuliko mimi."

Nikaketi hapohapo kizingitini.

Alikunywa uji, akanisimulia jinsi Kipkemboi alivyolala siku mbili kwenye benchi la hospitali, akakataa kuondoka hata alipofukuzwa na msimamizi. Kisha akafuta mdomo.

"Kuna jambo la pili ameniambia nikueleze, na mimi nalalamika kulieleza, maana linaniumiza. Siku hizi wanapikia barazani. Mvua, jua, barazani. Moshi wote unaingia kwa jirani, na jirani ni mimi. Nilimuuliza, bwana, jiko lako limekufa? Akanionyesha. Amepigilia mbao ndani, amepaka chokaa, ametia komeo kwenye mlango. Kile kitanda chako kiko humo."

Nimemuuliza gari lake linarudi lini. Amesema kesho.